Shati la Kifungo

Sisi kwetu ni mafundi cherehani, na nisipojisifu mwenyewe nani atanisifia? Baba alikuwa fundi, mimi ni fundi, mdogo wangu ni fundi. Mkewe alikuja kwetu hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Leo wateja wanatazama matundu yake ya vifungo kwanza ndipo watazame nguo. Duka letu ni chumba kimoja kirefu, meza ya kukatia katikati, mashine zimepangwa dirishani, na kwenye kona kuna pazia la bluu ambako watu hujaribu nguo zao. Duka lina pia sheria moja ambayo baba alituachia badala ya shamba: kazi yetu haitoki nje. Nguo tuliyoishona sisi, ikibana, ikipwaya, ikichanika, hata ikiungua pasi, inarudi mezani kwetu na tunaimaliza wenyewe. Fundi mwingine haigusi.

Anayeishika sheria hiyo kuliko sote ni mdogo wangu. Mtaa mzima unamwita Milimita, kwa sababu ukimwambia suruali imekuwa ndefu kidogo atakuuliza, kidogo kiasi gani. Miwani puani, futi ya kupimia shingoni mchana kutwa. Mkewe anaapa kwamba hata siku ya harusi alikuwa nayo, aliificha tu chini ya tai. Mimi ni dada yake mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumcheka, na haki hiyo naitumia.

Halafu kuna Kifungo, binti yao wa pekee. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa anatambaa, akameza kifungo cha koti la mteja na kutukimbiza wote hospitalini tukiwa pekupeku. Kifungo kilitoka salama, jina likabaki. Sasa ni msichana wa sekondari, amenipita urefu, na maneno hayamwishi. Akitoka shule alikuwa anakaa nami mezani, ananipokeza pini huku anawaiga walimu wake mmoja mmoja, mpaka inabidi niweke mkasi chini nisije nikakata pasipokatwa.

Siku moja akarudi, hakumwiga mtu. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kola ya shati la shule kwa vidole viwili, anaivuta mbali na shingo.

"Baba, shati linanibana."

"Wapi?" Milimita alikuwa ameshavua futi shingoni.

"Hapa." Akagusa kifua. "Nashindwa kupumua vizuri."

Kwa fundi hayo ni maneno ya kila siku. Watoto wa umri ule wanakua huku unawatazama. Milimita akampima, akaona shati linamtosha, lakini mteja ni mteja hata kama umemzaa mwenyewe. Akafumua mishono ya ubavuni, akaachia kitambaa, akashona upya. Kazi safi kabisa.

Haikupita muda, akarudi. Linabana. Wapi? Kwenye makwapa, labda. Tukaachia makwapa. Linabana. Wapi? Shingoni. Nikakata kola mpya kwa mkono wangu. Milimita akaanza kutafuta mchawi: akalaumu uzi, akalaumu kitambaa kwamba kinasinyaa kikifuliwa, akamlaumu mkewe kwa maji ya moto, na mkewe akamjibu kwamba maji ya moto hakuyavumbua yeye. Mwisho akashona shati jipya kabisa la pamba nyepesi, pana vibaya, mpaka wenzake Kifungo wakamuuliza kama anatafuta mpangaji wa kuishi naye mle ndani. Sikuwahi kumwona ndugu yangu akiruhusu nguo isiyomkaa mtu itoke dukani. Hiyo aliitoa kwa moyo mweupe, maana mwanawe amesema linabana.

Na bado likabana. Kifungo akaacha kula asubuhi. Akaanza kurudi kutoka njiani: mara tumbo, mara kichwa, mara amesahau daftari. Walimu wake hatukuwasikia tena. Alikaa pale mezani anazipanga pini kwa rangi, anazivuruga, anazipanga tena. Mama yake alisema ni umri. Baba yake alisema ni shati. Mimi sikusema kitu, na wanaonifahamu wanajua hiyo peke yake ni dalili mbaya.

Asubuhi moja Milimita alikuwa ametoka kufuata vitambaa, wifi yangu anapiga pasi, mimi nakata. Kifungo akaingia na begi la shule mgongoni, saa ambayo alitakiwa awe darasani. Hakusalimia. Akapitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya pazia. Nikamfuata na chaki na pini, nimeshajiandaa kumkaripia.

"Haya, livue nilione. Shati hili likiongezwa tena tutalikodisha kwa watu wenye sherehe."

Akalivua, akanikabidhi. Akabaki na fulana yake ya ndani, ile kuukuu iliyolegea hata mabegani haikai. Nikaligeuza shati ndani nje, nikaanza kutafuta mshono wa kuulaumu.

"Shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "bado linanibana."

Nikamtazama. Shati lilikuwa mkononi mwangu.

Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, kijasho chembamba kimemtoka usoni. Chaki, pini, shati, vyote nikaviacha vianguke. Nikaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, nikamvuta akae karibu yangu, nikamshika mikono. Sikujua la kufanya. Nilichoweza kusema ni, "Nipo. Siendi popote." Tukakaa hivyo mpaka pumzi ikamrudia.

"Siyo shati," akasema, machozi yakimtiririka. "Mwanzoni nilidhani ni shati, kweli tena. Baadaye nikajua siyo, lakini baba alikuwa anajitahidi sana. Ningemwambia nini?"

"Ni nini basi, mwanangu? Nani anakuonea? Nitajie jina tu." Nilikuwa tayari kwenda na mkasi wangu.

"Hakuna mtu, Shangazi. Hiyo ndiyo shida. Naogopa, na sijui naogopa nini. Nikikaribia geti la shule moyo unaenda mbio mpaka naona nakufa. Nikirudi nyumbani naona aibu. Naanza kuiogopa kesho kabla leo haijaisha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kuna nesi alikuja shuleni kuzungumza na sisi. Akasema pale kituo cha afya kuna mwanasaikolojia anayeonana na vijana. Akasema haya mambo yana watu walioyasomea. Nimepita pale nje mara nyingi, sijawahi kuingia. Nipeleke, Shangazi. Nipeleke kwa mtu anayejua."

Sasa hapa mniache nijivune. Mtoto maji yamemfika shingoni, na bado ametafuta ni nani anayeweza kumvuta, ni wapi anapatikana, na amefungua mdomo kuomba apelekwe. Watu wazima wangapi wanaweza hilo? Nawajua wanaume wenye ndevu waliokaa na majonzi yao kifuani mpaka yakawala. Nikamwambia pale pale sakafuni kwamba amefanya jambo kubwa.

"Na baba?" akauliza.

"Baba yako niachie mimi. Sitamficha kitu. Nitagombana naye."

Na nikagombana. Nilipofunua pazia nilimkuta wifi yangu amesimama, pasi ameizima, mashavu yamelowa. Alikuwa amesikia yote. Milimita aliporudi na vitambaa begani tukamkalisha na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa hiyo mnaniambia mwanangu ana wazimu."

"Aliyetaja wazimu ni nani? Ni wewe."

"Watu watasema nini wakimwona pale? Na huyo mtaalamu wenu, amemjua mwanangu tangu lini? Mimi ndiye niliyemlea. Kama ni hofu, nitamwondolea mwenyewe. Kazi yetu haitoki nje, dada."

Damu ikanichemka. "Hiyo miwani," nikamwambia, "umejishonea?"

Akaishika miwani.

"Nakuuliza wewe. Macho yalipoanza kukusumbua, ulikaa hapa ukayafumua ubavuni? Ulikwenda kwa daktari wa macho, ukakaa kwenye benchi watu wote wanakuona, na hakuna aliyesema fundi kapofuka. Leo mwanao anakwambia moyo unamwenda mbio anaona anakufa, na wewe unamletea pamba nyepesi!"

Nilimchoma, najua, na wala sikuyarudisha maneno yangu. Aliyeyafunga mazungumzo ni wifi yangu, ambaye kwa kawaida mdomo wake ni wa kushikia pini. Alikunja kitambaa cha pasi taratibu, akakiweka mahali pake.

"Baba Kifungo, kesho mimi nampeleka. Ukitaka kuja, karibu. Usipotaka, mashine zako hizo hapo." Akaenda kukaa na mwanawe.

Milimita akabaki ameshika tama. Baadaye nikamwona ameliokota lile shati pana, analipitia mshono kwa mshono chini ya taa ya mashine, mbele, nyuma, kola, makwapa.

"Sioni kosa, dada," akasema.

"Kwa sababu halina kosa," nikamwambia, na hasira ikaniisha yote.

Kesho yake alikuja. Alivaa koti lake la heshima, viatu amevipiga rangi, na shingoni futi ya kupimia ameisahau. Mkewe aliniangalia, nikamwangalia, tukakubaliana bila kusema kwamba tumwache hivyo hivyo.

Kituo cha afya kina korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta, mabenchi pande zote mbili, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Chumba tulichokitafuta kilikuwa cha mwisho kabisa, na kwa hiyo ilibidi tuyapite mabenchi yote. Kwenye benchi la daktari wa meno alikaa mteja wetu mmoja, mama mwenye sauti kama kengele, shavu limevimba na mtandio ameufunga kidevuni.

"Jamani, mafundi! Familia nzima! Mmekuja kwa nani?"

Milimita akakohoa. Wifi yangu akatazama dari. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimzulie mtu jino bovu, Mungu anisamehe, lakini Kifungo akaniwahi. Alikuwa amekunja ngumi, naziona mpaka leo.

"Nimekuja kwa mwanasaikolojia, mama. Nina hofu inayonibana kifua."

Yule mama akamtazama kuanzia juu hadi chini, mkono shavuni.

"Afadhali wewe umewahi," akasema. "Mimi jino hili nimelificha weee, ona lilivyonifanya." Akasogea ili tupite.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada kijana aliyevaa raba, chumba chake kidogo, viti vya kutosha na dirisha lililo wazi. Alitukaribisha, akauliza nani angependa kuanza. Milimita, kama nilivyotarajia, akasogeza kiti mbele.

"Ni hivi, daktari. Tatizo lilianzia kwenye shati..."

Kifungo akamwekea mkono begani. "Baba, nitasema mwenyewe."

Na alisema. Alisita mara kadhaa, akaendelea. Geti la shule, moyo kwenda mbio, aibu ya kurudi nyumbani, mashati yote. Yule dada hakumkatiza hata neno. Alipomaliza, akamuuliza kwa upole, "Na kifua kinakubana wakati gani?"

Nikamwona ndugu yangu anainua kichwa polepole. Mtoto tulimuuliza wapi. Tulimuuliza wapi tukiwa na futi, tukiwa na chaki, tukiwa na pini mdomoni. Wakati gani, katika nyumba nzima ya mafundi, hakuna aliyemuuliza. Kifungo akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo mlangoni. Asubuhi anapofunga kifungo cha mwisho. Jumapili jioni. Na mwalimu anapotaka mtu asome kwa sauti mbele ya darasa, maana siku moja alisoma, sauti ikamkatika, wakacheka.

Hilo la kuchekwa hatukuwahi kulisikia. Mama yake akashika mdomo.

Yule dada akatueleza kwamba hofu ya namna hii ipo, inawapata vijana wengi, inatibika, na hakuna mtu mle chumbani aliyekosea kwa kuwa nayo. Akasema watakayozungumza yeye na Kifungo yatabaki kati yao, isipokuwa akiona maisha ya mtoto yako hatarini, hapo atatuambia. Kisha akatuomba tutoke ili wabaki wawili. Milimita alitazama mlango, akamtazama mwanawe. Kifungo akatikisa kichwa kukubali, na baba mtu akanyanyuka.

Tulipokaa kwenye benchi akapapasa shingo, akaikuta futi.

"Dada! Ungeniambia!"

"Ulikuwa umependeza," nikamwambia, na tukacheka sote watatu huku machozi yanatutoka, mpaka mama wa jino akatufokea kwamba wengine hapa wanaumwa.

Sitii chumvi, kwa hiyo siwezi kusema Kifungo alitoka mle ndani mpya kama pini. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na anakwenda hata sasa. Ziko asubuhi zilizomshinda akarudi kitandani. Alifundishwa namna ya kupumua hofu inapopanda, na namna ya kulisogelea lile geti kidogo kidogo: leo mpaka kwenye kona, kesho mpaka ukutani, keshokutwa ndani. Kwa ruhusa yake mtaalamu alizungumza na mwalimu wake, naye akampa kiti karibu na mlango. Mengine wanayozungumza siyajui, na sijauliza. Mimi huyu, sijauliza! Wifi yangu anasema nipewe cheti.

Siku aliyoingia dukani na kusema, "Baba, lipunguze shati hili, linapwaya," Milimita alihangaika kutia uzi kwenye sindano, anakosa tundu, anakosa tena, akasingizia miwani. Tukamwacha asingizie.

Juzi akaja mama mmoja na binti yake, rika la Kifungo. Sketi ya shule, tuliishona sisi, na mama alikuwa na malalamiko. "Inambana tumboni. Mmeshaiachia, bado analia inambana. Asubuhi hatoki nyumbani. Mimi nimechoka, fundi." Binti alikuwa anatazama sakafu, mkono mmoja ameubana tumboni, na ile sketi ilikuwa inamzunguka kiunoni kama pazia.

Milimita akachukua mkasi kwa mazoea. "Inakubana wa..." akaanza, halafu akanyamaza mwenyewe.

Kifungo alikuwa mezani ananipokeza pini. Akaziweka chini, akamwendea yule msichana.

"Inakubana wakati gani?"

Msichana akainua uso. "Asubuhi," akasema. "Nikisikia kengele."

"Mimi ilikuwa kifua," Kifungo akamwambia, na akamsogezea kiti.

Mama mtu akatutazama mmoja mmoja. "Sasa mtaitengeneza au hamtaitengeneza?"

Milimita akaweka mkasi mezani. Dukani kulikuwa na wateja wengine wanasubiri nguo zao, masikio wazi. Na yule yule ndugu yangu, wa watu watasema nini, akanyoosha mgongo na kusema bila kupunguza sauti, "Mama, sketi haina kosa. Kazi hii hatuiwezi sisi. Lakini yuko anayeiweza, pale kituo cha afya, chumba cha mwisho. Binti yangu anatibiwa pale."

Yule mama akamtazama bintiye, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi huku Kifungo amemshika mikono. Akaketi. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama pale ni mbali.

"Siyo mbali," Kifungo akajibu, anavaa viatu. "Nitawasindikiza mpaka ndani. Pale mlangoni ndipo pagumu."

Milimita akawafungulia mlango mwenyewe, akasimama pale kizingitini, futi shingoni, akawatazama wakivuka barabara, mwanawe mbele, shati limemkaa sawasawa. Basi ndivyo kazi ya duka letu ilivyotoka nje. Baba yetu angekuwa hai angeuliza ni nani kaivunja sheria yake, nami ningemwambia ni mjukuu wako, na ningemwambia kwa sauti ili mtaa mzima usikie.